Bibi Harusi wa Chandarua

"Mtu wako hayumo," wifi yake alisema, hata kabla ya salamu.

Bi Lenzi alikuwa bado amesimama mlangoni mwa maabara, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine umekumbatia faili la kijani. Jumatatu hiyo alikuwa amekuja kuchukua karatasi moja tu. Ijumaa asubuhi kamati ya afya ya mimea ingekaa kutoa uamuzi juu ya Baba Miche, na karatasi hiyo ndiyo iliyobaki ili faili litimie.

"Hayumo wapi?"

"Kwenye hatia. Ingia, funga mlango, ubaridi wa mashine unatoka."

Akaingia. Jina la Bi Lenzi alilipata kwa kile kioo kidogo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake siku zote, ofisini, sokoni, hata msibani. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwasaka wadudu wageni wanaoingia mashambani na kuwasaka watu wanaowaleta, na alikuwa akijisifu, si mara moja, kwamba hajawahi kukamata mtu asiyehusika. Wifi yake huyu, mdogo wa mumewe, alisoma vinasaba. Aliwasaga wadudu kisha akawauliza maiti hao habari za ukoo wao. Nyumbani wawili hawa walitaniana mpaka watu wakaomba wapumzike. Leo wifi hakuwa na uso wa utani.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kidung'ata, mdudu mweupe anayefanana na kipande cha pamba iliyolowa, hunyonya mpapai mpaka majani yanajikunja na mti unakufa ukiwa umesimama. Miezi minne nyuma aina hii ilikuwa haijawahi kuonekana nchini. Ikaonekana mara moja, katika sanduku la miche lililokamatwa kwenye kituo cha ukaguzi, na sanduku likachomwa moto. Majuma sita baadaye mdudu akazuka vijijini, vijiji tisa karibu kwa pamoja. Watu wakakata mipapai yao kwa mashoka, wengine wakilia kama wanaozika.

Bi Lenzi alikwenda moja kwa moja kwa Baba Miche, muuza miche aliyezungusha mkokoteni wake eneo zima, na kweli, kitaluni kwake akamkuta mdudu. Akamhoji papo hapo, mbele ya umma, kwa kipaza sauti, ili iwe fundisho. Kisha akaamuru miche elfu tatu ing'olewe na kuchomwa, na mwenyewe ndiye aing'oe. Mkwewe, mama mzazi wa mkewe, alikuwa amesimama pale akiangalia.

Mahojiano yalikuwa ndani ya faili. Bi Lenzi aliyajua kwa moyo.

*Swali: Mdudu huyu unamjua? Jibu: Namjua. Ni kidung'ata. Hatari iko kwa watoto wake, hawaonekani kwa macho, hubebwa na upepo na nguo. Swali: Ulimwona wapi mara ya kwanza? Jibu: Kwako.* Hapo watu waliangua kicheko. Na chini yake, kwa mwandiko wa Bi Lenzi: *Mtuhumiwa anajibu kwa ufidhuli. Aidha, anamjua mdudu kupita kiasi cha mkulima wa kawaida.*

Sentensi hiyo ya mwisho alikuwa ameipigia mstari.

"Kaa," wifi alisema. Akavuta droo na kutoa kopo la vifungo vya nguo, lile alilowaonyesha wageni wa maabara wasiojua kusoma mashine. "Kila mdudu ana maandishi ndani yake. Kuna mstari mmoja ninaousoma. Katika sampuli zako nimekuta mstari huo umeandikwa kwa namna sita. Nimezipa rangi. Nyekundu, bluu, nyeupe, nyeusi, njano, kijani. Fumba macho, chota."

"Wifi, nina kazi."

"Hii ndiyo kazi. Chota."

Bi Lenzi akachota, akafungua kiganja. Vifungo vitano, rangi tatu.

"Hao ndio walioingia kijiji kimoja. Sasa chota kutoka humo humo mkononi."

Akachota viwili. Vyote vyekundu.

"Umeona? Anayepewa hawezi kuwa na rangi ambayo aliyempa hana. Kila wanapohama wachache, rangi zinapungua, na kwa miezi minne haziwezi kuongezeka. Sasa sikiliza. Kila kijiji kina rangi tatu au nne. Kitalu cha Baba Miche kina mbili tu, nyekundu na njano, na zote mbili zimo katika kijiji cha njia panda, jirani yake. Huyo alipokea. Hakumpa mtu."

"Labda alikuwa nazo zote sita, zikapotea."

"Kabla hujamchomea ulinichukulia wadudu wangapi kwake?"

"Mia mbili."

"Mia mbili. Vijijini ulichukua thelathini thelathini. Rangi nne nzima haziwezi kujificha ndani ya wadudu mia mbili, wifi yangu."

Bi Lenzi alitazama vile vifungo viwili vyekundu. Alitaka kukasirika lakini hakupata wa kumkasirikia.

"Na si hilo tu," wifi aliendelea. "Hakuna kijiji kilichomzaa mwenzake. Hiki kina nyeupe, jirani hana. Jirani ana kijani, hiki hakina. Wangetembea na barabara, shamba hadi shamba, ningeona bibi, mama, mjukuu. Mimi hapa naona ndugu tisa wa tumbo moja. Mama yao ana rangi zote sita, na amekitembelea kila kijiji yeye mwenyewe, kimoja kimoja. Lile sanduku la kwanza hukubakiza kitu?"

"Lilichomwa lote. Nilisimamia mwenyewe."

"Basi nitafutie mama."

*

Alipitia ofisini kuchukua ramani. Kwa mazoea ya kila siku akamnywesha nusu kikombe cha maji Bibi Harusi, mche wake wa kufundishia uliokaa dirishani, akafunga mlango na kuteremka kwa Breki. Breki alikuwa dereva wake, mtu wa maneno machache na mwendo mdogo, na jina lake lilieleza yote mawili.

"Twende kwa Kreti," alimwambia.

Kreti alikuwa mnunuzi wa mapapai, na ndiye aliyefuata katika akili ya Bi Lenzi. Mtu anayezungusha makreti matupu kutoka shamba hadi shamba anaweza kuzungusha lolote. Walimkuta ghalani kwake, ameketi juu ya mizani yake mwenyewe, anakunywa chai.

"Makreti yanaoshwa?" Bi Lenzi aliuliza.

"Yanaoshwa kuliko vyombo vya nyumbani kwangu, mama mkaguzi. Muulize mke wangu, analalamika."

"Unachukua mzigo vijiji vyote tisa?"

"Vinane. Kile cha mlimani sifiki. Barabara inakatika chini kabisa, kutoka hapo ni miguu na pumzi. Mapapai yao wanakula wenyewe."

Kijiji cha mlimani ndicho kilichoshambuliwa kuliko vyote.

"Nani hufika huko na mzigo?"

"Hakuna. Baba Miche hafiki, mkokoteni haupandi kule. Mimi ndiyo usiseme, na kitambi hiki. Watu wa mwisho niliosikia wamepanda ni nyinyi, na kipaza sauti chenu kichwani." Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Bi Lenzi alitabasamu kwa adabu akaenda kwenye swali lililofuata. "Na kijiji cha mtoni?"

"Mtoni nakwenda Jumanne na Ijumaa, bila kukosa. Makreti ni haya haya."

"Wana mdudu?"

"Mdudu gani! Mapapai yao yanang'aa, unaweza kujitazamia uso. Na Baba Miche mtoni ndiko soko lake kubwa. Mimi nashangaa, mama mkaguzi, mnamshika mtu ambaye wateja wake wakubwa hawana ugonjwa."

"Hilo hukulisema mapema."

"Uliniuliza?"

Walitoka nje. Bi Lenzi alitandaza ramani juu ya boneti ya gari na kuweka jiwe kila pembe. Vijiji tisa vilikuwa na alama nyekundu. Mtoni, katikati yake, penye lami na daraja na wafanyabiashara wote, palikuwa peupe. Mlimani, ambako hata punda hugoma, palikuwa pekundu.

"Mtu gani huyu," alisema, zaidi kwa nafsi yake, "anapanda mlima kwa miguu, halafu anaruka kijiji chenye lami?"

Breki alikuwa anafuta kioo cha mbele. Kilikuwa kisafi tangu alipoanza kukifuta.

"Mkuu," alisema. "Mtoni hatukufika."

"Nani hakufika?"

"Sisi. Mafuriko yalibeba daraja siku ile. Wanakijiji walikuwa wametupangia viti, tukawaona ng'ambo, tukapunga mkono, tukageuza. Ulisema tutarudi wiki nyingine. Hatukurudi."

Alifungua mlango, akatoa daftari la safari za gari kutoka chini ya kiti, akalifungua ukurasa anaoutaka bila kuutafuta. Hilo la kutoutafuta Bi Lenzi aliliona, na likamkata maini. Akasoma. *Mkutano wa kuhamasisha, njia panda. Mkutano wa kuhamasisha, shuleni. Mkutano wa kuhamasisha, mtoni, tumegeuza njiani. Mkutano wa kuhamasisha, mlimani, gari limeachwa chini, vifaa vimebebwa kwa kichwa.* Mikutano kumi iliyopangwa, tisa iliyofanyika. Aliangalia ramani, akaangalia daftari, akaangalia tena ramani, kwa kuwa hakujua pengine pa kuangalia.

Vifaa vimebebwa kwa kichwa. Kipaza sauti alikibeba Breki. Ndoo ya Bibi Harusi aliibeba yeye mwenyewe, kilomita tatu, akiwa na fahari.

"Tangu lini umejua?" aliuliza.

"Mimi sijui kitu, mkuu. Mimi dereva." Breki alikunja kitambaa chake mara mbili, mara tatu. "Ila kila tukirudi nilikuwa nafuta kiti cha nyuma. Kulikuwa na kitu kama unga, ukiangalia vizuri unatembea. Nikasema, mkuu ana lenzi. Atakuwa ameshauona."

Hakuna tusi alilowahi kutukanwa katika kazi yake lililomchoma kama hayo. Aliingia garini akaketi mbele, akafunga mkanda, na njia nzima hakugeuka kutazama kiti cha nyuma.

*

Bibi Harusi alikuwa mpapai mchanga ndani ya ndoo, na jina alipewa na ofisi nzima kwa ajili ya shela lake, chandarua cheupe kilichofungwa kiunoni mwa ndoo kwa utepe. Siku ya kuchoma lile sanduku, Bi Lenzi alikwangua vidung'ata kiasi cha viganja viwili akavihamishia kwenye mche huo, apate kuwafundishia watu. Mkulima haogopi mdudu wa kwenye picha, hiyo ndiyo imani yake, na hakuona haja ya kuomba kibali cha kufuga. Baada ya hapo, kwenye karatasi za ofisi, mche huo haukuwa tena sampuli. Uliandikwa katika orodha ya vifaa, kati ya kipaza sauti na meza ya kukunja: *mmea wa kufundishia, mmoja.* Alipoulizwa na wifi kama alibakiza kitu hakuwa amedanganya. Katika akili yake alichoma sanduku lote, na mche ulikuwa kifaa.

Sasa alipiga magoti mbele ya dirisha, akavua lenzi shingoni, akaiegemeza kwenye chandarua.

Chandarua hutengenezwa kwa ajili ya mbu. Mtoto wa kidung'ata, siku anayoanguliwa, ni mdogo kuliko nukta ya kalamu. Hakungoja sana. Mmoja, wa rangi ya njano iliyopauka, alitokea kwenye uzi, akafika kwenye tundu na kulipita bila hata kupunguza mwendo, akaendelea na safari zake kwenye kizingiti cha dirisha. Nyuma yake wakaja wawili.

Alikumbuka vigelegele. Kila mkutano alikuwa akisema kwa kipaza sauti, "Haya, mpokeeni bibi harusi!", na akina mama wakapiga vigelegele, na yeye akafunua shela taratibu kwa madaha, watu wakacheka. Kisha ndoo ikapita mkono kwa mkono, safu kwa safu. "Mguseni msiogope! Mjue adui yenu!" Watu wakashika majani, wakajifuta kwenye kanga na mashati, wakaenda zao shambani, jioni ilikuwa bado mbali na kazi zilikuwa nyingi. Sheria inayokataza kutoa mdudu hai nje ya chumba cha kufungiwa aliijua neno kwa neno. Kila mwaka aliifundisha yeye kwa wakaguzi wapya, na mwaka jana alimfelisha mmoja aliyeikosea.

Uso ulimwaka moto akiwa peke yake chumbani, hakuna hata mtu wa kumwona.

Alichukua wadudu mia mbili kwa brashi, akawatia katika chupa zenye spiriti, akaandika tarehe. Kisha akamfunga Bibi Harusi ndani ya mifuko miwili, na Breki akambeba mpaka kwenye pipa la kuchomea nyuma ya ofisi. Wakasimama wote wawili mpaka kukawa majivu. Breki alivua kofia. Haikueleweka kama ni joto la moto au ni utani, na Bi Lenzi hakuuliza.

*

Alhamisi asubuhi wifi hakumngoja afike mlangoni. Alimfuata kwenye korido, akamshika mkono, akamwingiza ndani kama mgonjwa. Karatasi ilikuwa mezani.

"Sita," Bi Lenzi alisema.

"Sita. Zote. Kila rangi iliyoko vijijini imo, na hakuna rangi ya kijijini isiyokuwamo." Wifi alikaa. "Chupa hizi hukuziandika namba ya kesi."

"Nilisahau."

"Usinidanganye, wewe hujawahi kusahau namba. Sikiliza, dada. Naongea kama mtu wa nyumbani. Majibu ya mwanzo yanatosha kumtoa Baba Miche kesho. Naandika kwamba kitalu chake si chanzo, na chanzo hakijajulikana. Chupa zisizo na namba hazina kesi. Yeye anarudi kwa miche yake, wewe unabaki na kazi yako, kaka yangu anabaki na mke anayelala usiku. Hakuna aliyeumia."

Bi Lenzi alichukua kifungo kimoja kilichosahaulika mezani, akakigeuza geuza. Alijua kabisa kwamba jambo hilo lilimpitia akilini kabla ya wifi kulitamka. Lilimpitia Jumatatu, mkononi akiwa na kalamu, na ndiyo maana chupa hazikuwa na namba. Hilo nalo lilimwaibisha.

"Vijijini watasema nini?" aliuliza.

"Watasema ametoka."

"Watasema ametoka kwa sababu ushahidi haukutosha. Yaani ni yeye, ila hatukumweza. Nani atanunua mche kwake?"

Wifi aliigeuza karatasi kifudifudi.

"Nilimng'olesha miche kwa mikono yake, wifi. Mbele ya mkwewe. Alikuwa anang'oa mmoja mmoja, ameinama, anageuza uso asimwone yule mama, na mimi nikamwambia kwa kipaza sauti aongeze kasi, jua linakwenda." Akakirudisha kifungo ndani ya kopo. "Wengine wanavaa miwani ya mbao na maisha yanaendelea. Mimi nina lenzi. Nipe kalamu."

Akaandika namba ya kesi kwenye chupa, moja baada ya nyingine, kumi zote. Wifi alisubiri amalize, kisha akapiga muhuri kwenye karatasi.

"Watakufukuza," alisema taratibu.

"Inawezekana."

"Basi uje unisaidie kuosha chupa. Silipi vizuri." Alijaribu kucheka, na machozi yakamtoka.

*

Nyumba ya Baba Miche ilikuwa nyuma ya kitalu, au nyuma ya pale palipokuwa kitalu. Safu za viriba vya miche vilivyoungua zilikuwa bado pale, plastiki imeyeyuka na kuganda juu ya udongo. Mkokoteni ulilala kichwa chini, gurudumu moja limetolewa. Nje ya ua, kwenye kisima, majirani walikuwa wakichota maji. Walipoliona gari la ofisi waligeuka kulitazama.

Mkwewe alikuwa kwenye kizingiti cha jiko, anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama," Bi Lenzi alisema.

Bibi huyo aliendelea kuchagua mchele. Marahaba haikuja, na Bi Lenzi hakutoa salamu ya pili.

Baba Miche alitokea nyuma ya nyumba, akizunguka kwa mbali ili asipite mbele ya jiko. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mpana wa mabega, na tangu siku ile, Breki alikuwa amesikia, alikuwa akila chakula chake bandani peke yake. Alimwona mgeni akasita, kisha akachukua kigoda, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka mbele yake.

"Karibu ukae, mama mkaguzi. Kesho si ndiyo kamati? Nimeshajiandaa."

"Nitasimama. Siku ile wewe ulisimama." Alifungua faili la kijani. "Nimekuja kurudia mahojiano. Ni swali moja tu."

"Tena?"

"Mdudu huyu, ulimwona wapi mara ya kwanza?"

Baba Miche alitazama chini. Akatupa jicho kuelekea jikoni, upesi, akalirudisha.

"Mama mkaguzi, hilo nilishajibu. Nikachekwa."

"Nakuomba ujibu tena."

"Kwako. Njia panda, kwenye mkutano wako. Nilikaa safu ya mbele. Ulipomfunua yule Bibi Harusi, mimi ndiye niliyeomba kumshika muda mrefu. Nilimwangalia jani kwa jani. Nilisema moyoni, mimi ndiye ninayeingia shamba la kila mtu, mimi nikikosea kumjua huyu nitawaangamiza wote. Ukanisifu. Ukasema, muigeni bwana huyu. Mambo yote ya watoto wake kubebwa na nguo nilikuuliza wewe, ukanifundisha wewe. Halafu nikarudi nyumbani kumwagilia miche."

Bi Lenzi alimtazama usoni, na hapo ndipo alipomkumbuka. Yule wa safu ya mbele, mwenye maswali mengi. Alikuwa amefurahi naye sana siku ile, na wiki sita baadaye alimhoji uso kwa uso bila kumtambua.

"Kwa nini hukunieleza hivyo siku ile?"

"Nilieleza. Ulinikatiza." Baba Miche alisema bila hasira, na afadhali angekasirika. "Wala sikuwa nakutuhumu. Ungejua! Hata leo sikutuhumu. Uliniuliza nilimwona wapi, nikakujibu."

Bi Lenzi alitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka. Akatoa kalamu, akapiga mstari juu ya neno *ufidhuli*, akapiga mwingine juu ya sentensi aliyoiwekea alama kwa fahari, akaandika chini yake. Aliandika muda mfupi, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa machache. Akaweka sahihi, akamkabidhi Baba Miche, pamoja na karatasi ya maabara yenye muhuri.

"Hizi ndizo zitakazosomwa kesho. Nimeona uzione wewe kwanza."

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Halafu akaishusha karatasi na kugeuka, kwa mara ya kwanza, akatazama jikoni moja kwa moja.

Mkwewe alikuwa ameweka ungo chini.

"Imeandikwa nini?" aliuliza. Hakumwuliza Baba Miche. Alimwuliza Bi Lenzi.

"Nimeandika kwamba..."

"Usinihadithie. Isome. Isome kwa sauti, kama siku ile."

"Kipaza sauti sikuja nacho, mama."

"Sauti unayo."

Baba Miche akamrudishia karatasi. Breki, aliyekuwa ameegemea gari, alisimama wima. Bi Lenzi alishika karatasi kwa mikono miwili na kusoma.

"Swali: Mdudu huyu ulimwona wapi mara ya kwanza? Jibu: Kwako. Maelezo ya mkaguzi: Mtu huyu amejibu kweli mara mbili. Mdudu alitoka kwangu. Nilimbeba mimi, kijiji kwa kijiji, kwa mikono yangu, na huyu bwana sikumtendea haki."

Akanyanyua uso. Machozi yalikuwa yameshuka mpaka kwenye lenzi.

Yule mama alitazama ng'ambo ya ua, kisimani, ambako ndoo zilikuwa zimejaa zamani na hakuna aliyeondoka.

"Majirani hawajasikia," alisema. "Rudia."

Bi Lenzi akageukia kisima, akaanza tena, kwa sauti zaidi, tangu swali.